Pini Inayoshika Dizeli

JUMATATU, SAA KUMI JIONI

Njau alifunga mlango wa chuma, akavuta pazia, akasema, "Onyesha."

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vipuri mjini Thika. Kilinuka grisi na mpira wa matairi. Kule mbele, mashine ya kunolea ilikuwa inalia. Njau alikuwa ameagiza isizimwe mpaka kikao kiishe, mtu akipita asisikie neno. Ndani walikuwa wanne. Watatu walikaa. Githae hakukaa. Githae hakuwa mtu wa kukaa. Alitembea kutoka ukutani mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka ukutani, mkono mmoja nyuma ya koti alikoficha bastola.

Nzilani alitoa bodi kwenye mkoba, akaiweka mezani. Ilikuwa kompyuta nzima, lakini unaweza kuificha kwenye kiganja. Pembeni ilikuwa na safu mbili za matundu. Akaunganisha waya kwenye rilei ndogo ya buluu, swichi inayowashwa na umeme, rilei kwenye betri ya pikipiki, kisha akafungua laptopu.

"Hii ndio itaendesha lori?" Githae aliuliza.

"Lori itaendeshwa na Kisilu. Hii inashikilia tu."

"Inashikilia nini?"

"Hizi zinaitwa pini," Nzilani alisema, akigusa matundu kwa ncha ya bisibisi. "Pini moja inaweza kufanya kazi mingi. Inaweza kusikiliza. Inaweza kusukuma umeme. Inaweza kuongea na mashine ingine. Lakini haijui ifanye kazi gani mpaka uiambie. Hiyo kuiambia ndio modi."

Akaandika mstari mmoja. Rilei ikalia, ta.

"Sasa hii inasukuma."

Akaandika mwingine. Ta.

"Sasa inasikiliza tu. Imeachilia."

"Rudia," Njau alisema. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye shati lililopigwa pasi. Zamani alikuwa dalali wa malori. Aliinamia ile rilei mpaka pumzi yake ikaigusa. Ta. Ta. Akarudi kwenye kiti.

"Skizeni basi. Jumatano asubuhi lori inatoka kiwandani na makadamia, imejaa, inaenda Embakasi. Ndani ya dashibodi kuna kisanduku cha traka. Ukikigusa, kinakata dizeli. Na ofisi wanaona kwa skrini gari iko wapi. Nzilani?"

"Pini ya kumi na mbili itashika dizeli. Kisanduku kikikata, gari bado inaenda. Pini ya ishirini na nne itaongea na kisanduku. Itakiambia tuko Thika Road tunateremka Embakasi, kumbe tuko stoo, Mugutha."

"Inadanganya." Njau alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Inadanganya. Nikiinyamazisha, kisanduku kinasikia antena yake kama kawaida."

"Na mimi?" Kisilu aliuliza.

Kisilu ndiye aliyekuwa dereva wa lile lori. Pandikizi la mtu, mwenye kicheko kilichotangulia mwili wake mlangoni. Alikuwa mtoto wa mama mkubwa wa Nzilani. Walilelewa chumba kimoja, Makongeni. Mama yake Nzilani alipofariki, Kisilu, wakati huo taniboi, msaidizi wa dereva, wa lori la mchanga, alikuwa anarudi kila jioni na mkate chini ya kwapa na kusema ameupata bure. Na ndiye aliyemleta Nzilani kwa Njau.

"Wewe utafungwa kamba," Njau alisema, "uachwe kwa shamba ya kahawa. Watu wakikuokota, lia. Umetekwa na watu huwajui."

"Mnipige kidogo basi. Uso ikiwa safi hawataamini. Lakini Githae, meno achana nayo."

Wote wakacheka. Githae alichelewa kuanza, akawahi kuacha.

JUMANNE, SAA SABA MCHANA

Kisilu aliingiza lori kwenye uwanja wa fundi mmoja Makongeni, akamtuma taniboi wake akale. Nzilani alilala chali chini ya usukani, kichwa kikiwa pembeni ya klachi. Kisilu alimshikia tochi ya simu. Hakuweza kutulia. Mwanga ulicheza.

"Shika vizuri."

"Nimeshika."

"Unatetemeka."

"Ni baridi."

Kweli Julai ilikuwa imeingia Thika na ukungu wake. Lakini jasho lilimtoka Kisilu shingoni.

Nzilani alisukuma bodi nyuma ya dashibodi, akaifunga kwa utepe mweusi. Modi za pini alikuwa ameshaziandika kwenye faili la kuwashia, ili bodi ikizimika na kuwaka isije ikasahau. Maisha yake yote ya ufundi aliyamalizia kwenye mashine za kuangua vifaranga. Pini ya joto, pini ya unyevu, pini ya feni. Wafugaji wa Ruiru walimpigia usiku na mchana. Kazi ilikuwa safi na ilimchosha mpaka mifupani. Kisilu alipomwambia kuhusu lori, hakuuliza atapata nini. Aliuliza kisanduku kinatumia volti ngapi.

"Ona hapa," alisema. "Hizi waya mbili, nyeupe na hii ya njano. Hizi ndio dizeli. Rilei inazigusanisha. Siku rilei ikikataa, zitoe, uziunganishe na mkono. Gari itawaka hata bila bodi."

Kisilu aliinama, akaziangalia kwa makini kama mtu anayeonyeshwa njia ya nyumbani kwa wakwe.

"Nyeupe na njano."

"Eeh."

"Nzilani. Baada ya hii tunaacha?"

"Uliniambia ni moja tu."

"Ni moja tu," Kisilu alisema. "Nimechoka kubeba vitu za watu."

JUMATANO, SAA TATU ASUBUHI

Probox nyeupe ilingoja kando ya barabara, nje kidogo ya eneo la viwanda. Njau kwenye usukani, Nzilani kando yake, laptopu magotini. Manyunyu yalichafua kioo. Njau aliwasha vipangusa, akazima, akawasha tena. Simu ya Nzilani na ya Kisilu zilikuwa zimezimwa kwenye dashibodi mbele ya Njau. Alizichukua tangu alfajiri. Sheria yake.

Taniboi wa Kisilu alikuwa amepewa siku ya kupumzika. Mahali pake alikaa Githae, amevaa koti lake la kazi na kofia ya sufu.

Lori lilitoka getini. Mlinzi akapiga saluti ya mzaha. Kisilu akapiga honi.

"Twende," Njau alisema, ingawa hakuna aliyekuwa anamzuia.

Laptopu iliinasa bodi kupitia mawimbi ya redio yasiyofika mbali. Ilibidi Probox isibaki nyuma sana. Wakipitwa na basi, mawimbi yalikatika na moyo wa Nzilani ukakatika nayo, kisha yakarudi. Walipita njia ya kuingia Juja. Hapo ndipo walipokubaliana uongo uanze.

Nzilani aliandika. Pini ya ishirini na nne ikabadilika kuwa ya kuongea. Kuanzia hapo kisanduku kikaanza kulishwa safari nyingine, ile ya wiki iliyopita, ambayo Kisilu alikuwa ameirekodi njia nzima.

"Imekubali?"

"Imekubali. Kwa ofisi, lori inaenda Embakasi."

Njau alipiga usukani kwa kiganja, mara moja, taratibu. Kisha akachukua simu yake akampigia Githae. Aliiweka kifuani, kwa spika ya chini, akaongea Kikuyu.

Njau alijua Nzilani ni Mkamba na kwao ni Kitui. Alikuwa akimsemesha Kiswahili tangu siku ya kwanza, naye Nzilani alimjibu Kiswahili. Hakuna aliyewahi kuuliza alilelewa wapi. Alilelewa Makongeni. Michezo yake yote ya utotoni, matusi yake yote ya kwanza, yalikuwa ya Kikuyu.

Njau aliongea polepole, kama mtu anayeagiza mbegu za viazi. Alisema dereva ndiye wa kwanza kuulizwa. Alisema dereva ana mdomo, na anajua sura zote. Kamba ni ya kumpeleka tu nyuma ya stoo bila vita. Huko Githae amalize, na asitumie bastola, majirani wako karibu.

Nzilani alitazama skrini. Herufi zilikuwa pale pale lakini hakuziona.

"Ĩĩ," sauti ya Githae ilisema kwenye simu. "Nĩ wega." Ndiyo, ni sawa.

Nyuma ya sauti hiyo kulikuwa na mngurumo wa injini, na Kisilu akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya besi, akisahau maneno.

Njau alikata simu. "Githae anasema wako sawa."

"Kisilu mtamwacha shamba gani?" Nzilani aliuliza. Alishangaa sauti yake ilivyotoka ya kawaida.

"Hiyo achia Githae."

"Kuna baridi. Asikae sana na kamba."

"Hatakaa sana," Njau alisema.

SAA TATU NA NUSU

Mbele yao lori lilikuwa linakula barabara bila haraka. Nzilani alipitisha kila kitu kichwani. Simu yake ilikuwa kwenye dashibodi mbele ya tumbo la Njau. Akiruka nje, lori litaendelea. Akipiga kelele, Njau ataongea Kikuyu tena, maneno machache tu.

Alibaki na pini.

Lori liliwasha taa ya kushoto. Likaiacha barabara kuu, likashuka Ruiru. Pale chini ya daraja palikuwa pamejaa watu. Pikipiki, mikokoteni, wamama wa mahindi ya kuchoma, trafiki wawili wakigombana na dereva wa teksi. Githae angeweza kufanya nini mbele ya watu wote hao? Gari likifa hapa, trafiki watakuja. Kazi itavunjika. Watu watarudi kwao, watatukanana, lakini watakuwa hai.

Akaandika mstari mmoja. Pini ya kumi na mbili, isikilize. Akabonyeza.

Rilei iliachia, dizeli ikakatika. Lori lilikohoa, likayumba, likasimama katikati ya njia.

"Nini hiyo?" Njau aliuliza.

"Sijui. Pini imekataa."

"Irudishe."

"Najaribu."

Alichapa mistari isiyo na maana. Honi zilianza nyuma yao. Trafiki mmoja alimwacha mwenye teksi, akaja na rungu lake akipiga ubavu wa lori. Nzilani aliona kichwa cha Kisilu kikitoka dirishani, kikitabasamu, kikiomba msamaha. *Shuka,* alimwambia kimoyomoyo. *Shuka, uende ukanywe chai, usirudi.*

Kisilu hakushuka. Kichwa kilipotea ndani. Kilizama chini ya usukani na kukaa huko. Trafiki alitazama saa. Githae alikuwa ameketi wima kama msumari.

Injini ikanguruma.

Mkono wa Kisilu ulitoka dirishani, dole gumba juu, likielekezwa nyuma kwa Probox. Trafiki mwenyewe akawasimamisha wenye pikipiki ili lori lipite.

Nyeupe na njano. Jana Nzilani mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

"Huyo jamaa ni dereva," Njau alisema. Alimaanisha. Kulikuwa na heshima kwenye sauti yake. Akatia gia.

Nzilani alirudisha macho kwenye skrini. Pini ya kumi na mbili haikuwa na kazi tena. Angeweza kuiambia lolote. Lami ya Ruiru ilikuwa inaisha, vumbi lililolowa la njia ya Mugutha likaanza, na nyumba za kupanga ambazo hazijamalizwa zikawapita, ghorofa bila madirisha, nguo zimeanikwa.

Ilibaki pini moja. Hiyo haingemrudisha mtu nyumbani. Ingewaingiza wote jela, yeye akiwa wa kwanza, kwa sababu kila waya ilikuwa na alama za vidole vyake.

Aliinyamazisha.

Hakuna kilicholia. Hakuna kilichosimama. Lakini kwenye skrini ya ofisi, Thika, lori lililokuwa linateremka Embakasi lilikuwa limeruka ghafla likatua Mugutha. Labda kulikuwa na mtu pale aliyekuwa anaangalia, au labda alikuwa amekwenda kununua mandazi. Nzilani hakuwa na njia ya kujua.

SAA NNE

Stoo ilikuwa ya mabati, uwanja mpana, ukuta wa mawe. Nyuma yake kulikuwa na migomba na machimbo ya zamani ya mawe. Njau alifungua geti mwenyewe. Lori likaingia. Githae alishuka kabla halijasimama, akatoa kamba chini ya kiti.

"Kisilu, njoo tukuvalishe," alisema.

"Ngoja." Nzilani alikuwa ameshafika mlangoni mwa lori na laptopu mkononi. "Asishuke. Kisanduku lazima kitoke kwanza, na injini ikiwa inazunguka. Ikizimwa sasa, kinapiga ripoti."

Ulikuwa uongo mtupu. Githae alimtazama Njau. Njau aliinua mabega.

Nzilani alipanda, akakaa mahali pa taniboi. Kisilu alimnong'oneza, uso ukiwaka furaha. "Uliona pale Ruiru? Nilidhani tumeisha. Nikakumbuka waya zako."

"Kanyaga mafuta kidogo."

"Hivi?"

"Ongeza. Shikilia hapo. Punguza."

Alimfanyisha kazi. Ongeza, punguza, washa taa, zima taa. Alitamani kumwambia, lakini Githae alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango, kamba ikizungushwa kwenye ngumi, ikifunguliwa, ikizungushwa tena. Kisilu angebadilika uso. Kisilu hakuwahi kuficha kitu usoni maisha yake yote.

Dakika zilikuwa nzito. Jogoo aliwika mahali fulani. Mama mmoja nje ya ukuta alimwita mtoto aje avae sweta.

Njau alikuja. Alimsogeza Githae, akapanda ngazi, akachungulia.

"Unapima nini?"

"Volti."

"Za nini? Gari imefika."

"Isipotulia, kisanduku kitaungua. Moshi itaonekana."

Njau hakuangalia skrini. Hakujua kuisoma na hakujifanya anajua. Alimwangalia Nzilani, kwanza mikono, kisha macho. Kisha akamuuliza, kwa upole kabisa, kwa Kikuyu:

"Nĩũraigua?"

Unasikia?

Vidole vya Nzilani vilikuwa vimesimama juu ya vitufe, na hilo lilitosha kumwambia Njau kwamba alikuwa amesikia kila neno.

Njau alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekosea hesabu ndogo. Akashuka ngazi. Hakumwambia Githae neno. Alitembea mpaka kwenye Probox, bila kukimbia, akaingia, akageuza. Geti bado lilikuwa wazi.

"Bosi?" Githae aliita. "Bosi, unaenda wapi?"

Probox ilitoka, ikakunja kushoto, ikapotea. Githae alibaki uwanjani na kamba yake. Alitazama geti muda mrefu. Halafu akamtazama Nzilani, na kwenye uso wake kitu kikaanza kuunganika.

"Mbona ametuacha?" Kisilu aliuliza. "Nzilani, mbona ametuacha?"

"Teremka upande wako. Lala chini ya lori. Sasa hivi."

"Kwa nini?"

Jibu lilitoka barabarani. Magari mawili, yakija kwa kasi, matope yakiruka. Pikapu ya walinzi wa kiwanda mbele, Land Cruiser ya polisi nyuma. Githae alitoa bastola. Alimwelekezea Nzilani kupitia kioo. Kisha, labda kwa sababu Njau alimkataza risasi, labda kwa sababu Njau hakuwapo tena wa kumwambia lolote, aligeuka akafyatua getini.

Kisilu alimvuta Nzilani kwa kola, wakaanguka pamoja kwenye tope. Alimsukuma nyuma ya gurudumu akamlalia juu kwa uzito wake wote. Risasi zilipiga mabati. Mtu alipiga yowe. Kisha kukawa na amri nyingi kwa pamoja, na buti, na Githae ameketi chini akiwa ameshika paja lake, damu ikipita kati ya vidole, akisema, "Basi, basi, basi."

Kisilu bado alikuwa juu yake. "Umeumia?" alikuwa anauliza. "Nzilani, umeumia?"

SAA TANO NA NUSU

Waliwakalisha nyuma ya Land Cruiser, pingu moja kwa wawili: mkono wa kulia wa Kisilu, mkono wa kushoto wa Nzilani. Githae alilazwa sakafuni miguuni pao, paja limefungwa kwa ile kamba na kitambaa. Nje walinzi walikuwa wanahesabu katoni. Polisi mmoja aliongea na redio kuhusu Probox nyeupe. Ingepatikana jioni, Githurai 45, imeegeshwa vizuri kando ya soko, funguo ndani. Njau hangepatikana.

Kisilu alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi.

"Ni nani ametuuza?" alisema. "Ni Njau. Lazima ni Njau."

"Ni mimi," Nzilani alisema.

Kisilu aligeuka. Pingu ikavuta mkono wake.

"Usinicheze."

"Sikuchezi. Ni mimi."

"Kwa nini?"

Nzilani alikuwa ameshikilia maneno hayo tangu Juja, na sasa yalikuwa yamekwama. Kisilu alimsogelea. Macho yalikuwa yamejaa maji, na chini ya maji hayo kulikuwa na hasira ambayo hakuwahi kumwonyesha.

"Nilikulea mimi," alisema polepole. "Kwa nini?"

Githae alijikohoza sakafuni.

"Nilichimba jana," alisema. Hakufungua macho. "Kule nyuma ya migomba."

"Ulichimba nini?"

"Shimo."

"Ya nini?"

Polisi mlangoni aliwaambia wanyamaze, halafu naye mwenyewe akageuka akatazama migomba.

Midomo ya Kisilu ilisogea, kama anayefanya hesabu na kukataa jibu. Alimtazama Githae, kamba iliyofunga paja, kisha Nzilani.

"Pale Ruiru," alisema mwishowe. "Chini ya daraja. Gari haikuharibika."

"Haikuharibika."

"Ulikuwa wewe."

"Ndiyo."

"Ulitaka nishuke."

"Ndiyo."

Kisilu aliinua mkono wake ulio huru, akautazama. Kidole gumba kilikuwa kimeungua kidogo mahali waya zilipomchoma.

"Na mimi nikaitengeneza," alisema.

Mlango ulifungwa. Gari likaanza kushuka kuelekea Ruiru, na mwili mzima wa Kisilu ukaanza kutetemeka mpaka pingu ikawa inagonga kiti. Nzilani aliukamata mkono wake kwa mikono yote miwili, akaushikilia.